Kundi la utayari chini ya mwembe: namna ya kulianzisha kabla mtoto hajaingia darasa la awali

Kila mwaka ikifika Mei au Juni simu yangu inaanza kuita. Tandahimba, Newala, Mtama, Ruangwa, huku kwetu Mtwara na Lindi, kusini mwa Tanzania, watu tofauti, maswali yale yale. Tunaanzaje? Jengo tutalipata wapi? Mlezi atalipwa na nani? Tuwafundishe a, e, i, o, u? Nimeona niyajibu yote kwa mkupuo, kwa mpangilio ambao ningependa mtu angenipa mimi nilipoanza.

Jengo sahau kwanza. Anza na kaya, kisha kalenda ya mazao. Kundi lililoanza na jengo nimeliona likibaki na jengo lenye popo.

Kundi la utayari wa shule ninalolisema ni dogo. Watoto 20 hadi 25 wa kitongoji kimoja, wa miaka minne hadi sita, wanakutana asubuhi kwa wiki 12 na walezi wawili. Wanacheza, wanasimuliwa hadithi, wanakunywa uji, ili Januari wakivuka geti la shule wasiwe wageni. Anayelengwa kwanza ni yule ambaye bila hili angechelewa kuanza, au asingeanza kabisa: analelewa na bibi kwa sababu mama yuko Dar, kaya yao iko kwenye orodha ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ana ulemavu na anafichwa ndani, au anakaa kwenye kibanda cha shambani mbali na kijiji. Ada si kikwazo. Tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia awali. Kinachomkwamisha ni umbali, njaa ya asubuhi, sare, karatasi za uandikishaji, na kukosa mtu mzima wa kumshika mkono siku ya kwanza.

Wazo lenyewe si geni huku kwetu. Lindi ilikuwa miongoni mwa mikoa ya EQUIP-Tanzania, mpango wa kuboresha elimu ya msingi, na wapo wazazi wanaoyakumbuka madarasa ya utayari yaliyoendeshwa na walezi wa jamii. Mradi ulikwisha, kazi haijaisha.

Vitu vya kuwa navyo mkononi

- Daftari mbili ngumu: moja la kaya, moja la mahudhurio na uji
- Mikeka au majamvi matatu
- Sufuria kubwa, mwiko, vikombe 30 visivyopasuka
- Ndoo yenye koki ya maji ya kunywa, na vibuyu chirizi viwili vya kunawia
- Choo cha karibu ambacho tundu lake mtoto mdogo hawezi kutumbukia
- Visoda, makopo yasiyo na makali, vijiti, maboksi, matambara ya kushonea mpira na wanasesere
- Gunia moja la mahindi, au ahadi zake kwa maandishi

Ubao na chaki si lazima. Sikuviandika makusudi.

Hatua ya 1: Hesabu miezi kwa mazao

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na mimi nilikuwa wa kwanza. Mwaka wetu wa kwanza tulifungua Septemba, tukijisifu kwamba tumewahi Januari kwa miezi minne. Katikati ya Oktoba, watoto 23 walikuwa wamebaki saba. Tukakaa kikao cha kuwalaumu wazazi kwamba hawajali elimu, mpaka mzee mmoja akatuuliza kama sisi wenyewe korosho zetu zinajiokota. Oktoba hadi Desemba kaya nzima iko mkoroshoni, na wengine wanalala huko huko.

Kwa hiyo rudi nyuma. Ufuta unavunwa na kuuzwa kuanzia Mei hadi Julai. Juni, shule zikifungwa, kuna jando na unyago, na siku hizi hata wadogo wanaingizwa. Fungua katikati ya Julai, wiki 12 zikuishie mwanzoni mwa Oktoba. Kisha weka wiki moja ya kukumbushana Januari, kabla shule haijafunguliwa. Ukiwa Kilwa au Lindi mwambao, ambako wengi ni wavuvi na wakulima wa minazi, waulize wenyewe miezi yao, usinakili yangu.

Hatua ya 2: Piga hodi panapohusika

Anza na mwenyekiti wa kitongoji, halafu mtendaji wa kijiji, halafu mwalimu mkuu wa shule ya karibu. Mweleze mwalimu mkuu kwamba unamwandalia watoto, humfungulii shule ya pili. Akikubali kundi liwe chini ya mbawa za kamati ya shule, umepunguza nusu ya usumbufu.

Usianze kimya kimya. Vituo vya kulelea watoto mchana vinasajiliwa upande wa ustawi wa jamii, na shule zinasajiliwa upande wa elimu. Mwone afisa ustawi wa jamii au afisa maendeleo ya jamii wa kata, mweleze unachofanya, umuulize kundi lako linahesabiwa wapi. Mkumbushe kwa adabu kwamba nchi ina Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inayomhusu mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Ukiitaja kwa jina mlango hufunguka haraka zaidi, ndivyo nilivyoona.

Hatua ya 3: Zunguka nyumba kwa nyumba

Hii ndiyo kazi yenyewe. Ipe wiki mbili.

Usiitishe mkutano ukasema "wenye watoto wadogo waje kujiandikisha". Watakuja wale ambao watoto wao wangeenda shule hata bila wewe. Unayemtafuta hayuko mkutanoni. Nenda na mjumbe au mhudumu wa afya wa jamii anayezijua nyumba, na muende jioni, watu wakishatoka shamba.

Ukifika, daftari liache mfukoni. Mkute bibi anapukuchua mbaazi, kaa chini upukuchue naye. Mazungumzo yakishika moto, hakikisha umepata majibu ya haya:

- Mtoto analala na nani, na akilia usiku anamwita nani?
- Asubuhi watu wazima wakitoka anabaki na nani?
- Nyumbani mnaongea lugha gani zaidi?
- Ana cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki?
- Kuna mtoto mwingine ndani ambaye hatujamwona?

Swali la mwisho liulize wakati wa kuaga, umeshasimama. Mara mbili mimi nimeletewa mtoto wa chumba cha nyuma kwa swali hilo hilo, mmoja hatembei, mwingine hasikii vizuri. Usishtuke wala usitoe pole ndefu. Msalimie kama ulivyowasalimia wengine, umuulize jina.

Daftari lijaze ukishafika kwako. Na orodha hiyo isibandikwe popote, wala watoto wasije wakaitwa "wale wa TASAF". Mtoto mmoja akiitwa hivyo mbele ya wenzake, kesho humwoni, na bibi yake hatakueleza sababu.

Kuhusu cheti: aliye chini ya miaka mitano anasajiliwa na kupewa cheti bila malipo kwenye kituo cha tiba au ofisi ya kata. Akivuka hapo, safari inakuwa ndefu na ina gharama. Wa miaka minne na nusu wape kipaumbele wiki hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Mwite na mjomba

Kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao, watoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba lina uzito ambao baba wakati mwingine hana. Wageni wanaoleta miradi huandika "mzazi/mlezi" kwenye fomu wakadhani wamemaliza. Wewe mwite mama, au bibi anayelea, pamoja na mjomba. Mjomba akishasema mbele za watu kwamba mtoto ataingia shule Januari, hata pesa ya sare ina mwenyewe wa kuulizwa korosho zikishauzwa.

Mkutano uwe mfupi, chini ya saa moja. Kubalianeni mambo matatu: siku na saa, mchango wa uji, na nani atawasindikiza watoto wa mbali. Hotuba za umuhimu wa elimu ziache, wamezisikia tangu utoto wao.

Hatua ya 5: Chagueni walezi wawili

Wachaguliwe na mkutano, wasiteuliwe na wewe. Mchanganyiko uliotufaa ni mama mtu mzima anayeaminika kitongojini na kijana aliyemaliza kidato cha nne. Mmoja ana mkono wa kulea, mwingine wa kuandika. Mmoja wao lazima aijue lugha ya nyumbani ya watoto.

Sharti lisilojadiliwa: mtu mzima hakai peke yake na watoto, na hakuna fimbo. Ulizeni pia, kwa sauti ya chini, kama kuna mtu yeyote kitongojini mwenye neno juu ya waliopendekezwa.

Posho mkubaliane kabla ya siku ya kwanza. "Kujitolea" kusikokuwa na kikomo huisha wiki ya nne. Makundi ninayoyajua yanalipa kwa njia tofauti: mchango mdogo wa kaya zinazoweza, siku za kumlimia mlezi shamba lake, au sehemu ya faida ya kikundi cha kuweka na kukopa. Lolote mtakaloahidi, liwe dogo na litimizwe.

Hatua ya 6: Tafuta kivuli, lakini kiangalie

Kusini kivuli cha kwanza kinachokujia kichwani ni mkorosho. Usikikimbilie. Kuanzia Mei au Juni hadi Agosti mikorosho inapuliziwa salfa na dawa nyingine, alfajiri, na vumbi lake linatua kwenye majani na chini ya mti. Watoto watakohoa na macho yatawasha. Chukua mwembe au baraza la mtu, na uulize majirani siku zao za kupulizia ili siku hiyo mhame.

Angalia pia kisima. Kwenye nyanda za juu za Makonde maji ni ya shida, na nyumba nyingi zina visima vya kuvunia maji ya mvua. Kisima kisichokuwa na mfuniko ndani ya hatua hamsini, tafuta sehemu nyingine.

Hatua ya 7: Asubuhi inavyokwenda

Saa 2 hadi saa 4 na nusu. Zaidi ya hapo mtoto wa miaka minne anachoka, na mlezi anaanza kufoka.

Dakika za mwanzo ni salamu: kila mtoto anaitwa kwa jina lake na anaitika. Halafu mchezo huru kwa nusu saa, mlezi anaangalia na kuandika nani anacheza peke yake. Halafu hadithi. Hapa usiwe na haraka. Simulia kwanza kwa Kimakonde, Kimwera au lugha yoyote wanayoiota, kesho yake simulia hiyo hiyo kwa Kiswahili. Akishaijua habari ya sungura na fisi, maneno ya Kiswahili yanapata mahali pa kukaa. Wapo wanaoniambia tunachelewesha Kiswahili. Wakae siku tatu wasikilize watoto wakiitikia.

Baada ya uji ni mdako, kuruka kamba, kuchora mchangani, kupanga visoda vitano vitano, kutafuta majani mawili yanayofanana. Mdako peke yake unafundisha kuhesabu, kungoja zamu na kulegeza vidole vitakavyoshika penseli.

Herufi? Jina lake mwenyewe tu, wiki za mwisho, kwa anayetaka. Lengo ni kwamba kufika Oktoba aweze kutaja majina yake, kuomba ruhusa ya choo, kunawa mwenyewe, kungoja zamu, kusikiliza hadithi hadi mwisho na kumwambia mtu mzima "naumwa". Mwalimu wa darasa la awali anatakiwa awe na watoto 25, na mara nyingi anao mara mbili au zaidi. Mtoto asiyeweza kusema anaumwa, pale hataonekana.

Tahadhari ya vifaa: korosho ghafi zisiwe za kuhesabia. Ganda lake lina mafuta yanayounguza. Sisi tulizitumia, tukiona ni kitu cha bure kilichojaa kila nyumba, mtoto mmoja akaing'ata na midomo ikaungua. Nilikwenda kwao mwenyewe kuomba radhi na nilistahili nilichoambiwa. Mbegu za mnyonyo nazo zina sumu, ziondoe hata kama zinapendeza. Choroko na mbaazi huishia puani. Ikitokea, usichokonoe, mpeleke zahanati.

Hatua ya 8: Uji

Kilo moja na nusu ya unga wa dona inatosha watoto 25, kikombe kila mmoja. Siku tano kwa wiki 12 ni kilo 90, yaani gunia moja la mahindi la kilo 100, na upunguo wa kinuni umo. Kwa kaya 25 ni kilo nne za mahindi kila moja kwa msimu mzima. Usiseme "gunia", inatisha. Sema kilo nne. Kaya isiyoweza ilete kuni au zamu ya kupika, na iandikwe kwenye daftari sawa na wengine.

Karanga au ufuta uliosagwa unaongeza nguvu, ila chambua kwanza. Karanga iliyosinyaa, yenye ukungu au uchungu itupwe yote, kuosha hakuondoi sumukuvu. Na usinunue ule unga uliochanganywa nafaka kumi ukiitwa wa lishe kwa sababu tu ya jina. Dona safi unayoijua ilikotoka ni bora.

Hatua ya 9: Kabidhi mtoto kwa shule

Mwanzoni mwa Oktoba, kabla kaya hazijahamia shambani, nenda na wazazi kwa mwalimu mkuu mkaandikishe. Wakishatawanyika hutawapata tena mpaka mnada wa mwisho wa korosho. Chukua cheti au kadi ya kliniki ya kila mtoto.

Kisha wapeleke watoto wenyewe, asubuhi moja, wakaone darasa, wakaingie chooni, wakanywe maji ya pale, wakamjue mwalimu kwa jina. Mpe mwalimu karatasi moja yenye mistari miwili kwa kila mtoto: "Analelewa na bibi. Sikio la kushoto halisikii, akae mbele." Mwalimu mmoja aliniambia ile karatasi ilimfaa kuliko ripoti zote alizowahi kuletewa. Januari, wiki ya kwanza, walezi wasimame getini kuwapokea wale wale.

Yakikwama

*Mtoto analia kila asubuhi.* Mwache bibi akae naye, siku ya kwanza muda wote, ya tatu nusu, ya tano aage waziwazi na kuondoka. Kutoroka wakati mtoto kageuka kunaongeza wiki ya kilio.

*Wazazi wanauliza daftari la mtoto la kuandikia liko wapi.* Watauliza, hasa akina baba. Waalike waje waone asubuhi moja, uwape kazi ya kusimulia hadithi. Wengi hawaulizi tena.

*Unga umekwisha wiki ya nane.* Soma daftari la uji mbele ya mkutano, siku kwa siku, kilo kwa kilo. Kama hesabu ni safi, watachanga. Kama si safi, ndiyo maana umekwisha.

*Mlezi mmoja ameacha.* Simamisha kundi siku mbili tatu mpaka apatikane mwingine. Usiendelee na mmoja.

*Mtoto amekuja na alama za kipigo, au kuna jambo baya zaidi.* Usimhoji mbele ya wenzake, usiende kumkabili mtu nyumbani, usiipeleke kwa wazee ikasuluhishwe kwa mbuzi. Mpeleke kwa afisa ustawi wa jamii au polisi dawati la jinsia na watoto, au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure.

*Mtoto alimaliza wiki zote 12, Februari haonekani shuleni.* Mara nyingi hajakataa shule, yuko shambani na bibi wakifukuza nyani na nguruwe kwenye mahindi. Mfuate huko huko na mjomba wake. Tafuta nyumba ya ndugu kijijini atakapolala siku za shule mpaka mahindi yakomae, na uandike kwenye daftari la kaya jina la mwenye nyumba hiyo.